Hakuna Aliyemmwagia Mama Jacky

Evarista aliondoka nyumbani asubuhi ile akiwa amevaa gauni la kumwagiwa maji. Lilikuwa gauni la kitenge lililopauka, limeshonwa upya kwapani, na miguuni alitia kandambili. Simu aliiweka kwenye mfuko wa nailoni akaukaza kwa fundo, nywele akazificha ndani ya kilemba cha zamani. Mtu wa mbali angemwona angedhani anaenda kufua. Mtu wa Kariakoo angejua mara moja kwamba leo mama huyu kazaliwa, na amejiandaa kulowa.

Maana huku kwetu keki ni mbwembwe tu. Unaweza kukatiwa keki ya ghorofa tatu, ukalishwa huku simu zote zinakupiga picha, lakini kama hujamwagiwa maji, hujazaliwa. Vijana wa siku hizi wameongeza unga na mayai, uharibifu mtupu, na siku nikipewa madaraka nitalipiga marufuku jambo hilo. Maji lakini yana heshima yake. Yanakuja ghafla, yanatoka nyuma, ya baridi, na wewe unatakiwa ukasirike, utukane kidogo, umkimbize mtu mpaka kona, kisha ucheke. Na hayaombwi. Ukimwendea mtu ukamwambia leo nimezaliwa, tafadhali nimwagie, umejialika mwenyewe kwenye sherehe, na hakuna aibu kubwa kama hiyo.

Mmwagaji mkuu wa Evarista alikuwa mumewe, Athanas. Walikuja mjini pamoja kutoka Rombo wakiwa vijana, wakafungua kaduka ka vifaa vya ushonaji Mtaa wa Kongo: zipu, vifungo, lastiki, nyuzi za kila rangi. Athanas alikuwa mpole kiasi cha kukera. Mteja akimpigia kelele, yeye alitabasamu. Lakini siku ya kuzaliwa mkewe alibadilika akawa jambazi. Mwaka mmoja alimmwagia kutoka dirisha la mafundi cherehani wa ghorofani. Mwaka mwingine ilikuwa nje ya kanisa, mbele ya katekista, Evarista akiwa na gauni la misa. Katika ndoa yao yote, mama wa watu hakufanikiwa hata mara moja kumwona akija.

Na shughuli ilikuwa na nusu ya pili ambayo mtaa haukuijua. Jioni, wakisharudi nyumbani, Athanas alichemsha maji, akayachanganya kwenye ndoo, akayapima kwa kiwiko kama ya mtoto mchanga, akaipeleka ndoo bafuni mwenyewe. Kisha aliita kutoka kwenye korido: "Mama, maji tayari." Hiyo ndiyo iliyokuwa zawadi yenyewe. Evarista alilijua hilo, na hakuwahi kumwambia.

Mwaka ambao binti yao Jacqueline alikuwa kidato cha pili, Evarista aliamua kukimbia. Alikuwa ametoka saluni siku hiyo, nywele zimelala vizuri, na hakuwa tayari kuzipoteza. Akamuaga Athanas kwamba anaenda kwa mgonjwa Upanga, akanyoosha moja kwa moja hadi baharini, akakaa kwenye ukuta wa Barabara ya Bahari chini ya mivinje, akijipongeza kwa akili zake. Hakupita muda akasikia ubaridi unamshuka shingoni hadi kiunoni. Aliporuka na kugeuka, Athanas alikuwa amesimama na jagi la plastiki la dukani, suruali imekunjwa hadi magotini.

"Una wazimu wewe!" alipiga kelele. "Athanas, una wazimu! Umejuaje nipo huku?"

"Mke wangu," Athanas alijibu, "unanikimbia maji, halafu unakuja kujificha baharini?"

Walicheka mpaka wakashindwa kusimama. Athanas alipopata pumzi alimwambia, "Na ujue, hata uende wapi, siku yako nitakutafuta nikupate."

Athanas alifariki mwaka huu, kabla ya Pasaka. Presha ilimwangusha hapo hapo dukani, futi ya kupimia lastiki ikiwa bado shingoni. Walimsafirisha Rombo, wakamzika kihambani, kwenye shamba la ukoo, pembeni ya migomba ya baba yake. Evarista aliporudi Dar, alikuta yeye mwenyewe amegeuzwa mgonjwa. Watu walizungumza naye kwa sauti ya chini. Mafundi waliozoea kumgombeza kuhusu bei sasa walichukua zipu wakaondoka kimyakimya, kama wanaotoka wodini. Pole mama, pumzika mama. Kupumzika kutoka wapi? Roho ilimuuma, lakini utamlaumu vipi mtu anayekuonea huruma?

Kwa hiyo siku yake ilipokaribia aliweka neno moja moyoni. Wakinimwagia, alijiambia, hata mtu mmoja tu, hata kikombe, basi bado nipo. Wasiponimwagia, basi kule Rombo tulizikwa wawili.

Alifika dukani mapema. Jirani yake wa kulia, Shadya, muuza mabaibui, alikuwa anaosha baraza lake kwa ndoo na ufagio. Evarista alipunguza mwendo. Alipita karibu kabisa na ndoo ile, akainama kujifanya anaweka sawa kandambili, mgongo wote akauacha wazi. Mwaka jana Shadya huyu huyu alimmwagia mara mbili. Leo aliposikia hatua, aligeuka, akaivuta ndoo pembeni kwa mikono miwili ili isimrushie hata tone.

"Pita mama, pole. Kuna utelezi hapo."

"Asante mwanangu," alisema Evarista, akaingia dukani akaketi.

Jirani wa kushoto ni Mwinyimvua, mzee wa Kizaramo muuza mapazia, mdomo wake hauna breki. Naye alikuja mlangoni, akakohoa, akauliza hali, akatazama gauni lile na kilemba kile, akatazama chini. Hakutania. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Mwinyimvua kukaa mlangoni pale bila kutania. Jacqueline aliandika ujumbe kutoka Mwanza: Heri ya kuzaliwa mama yangu, najua mwaka huu hutaki makelele, pumzika. Evarista aliusoma kupitia nailoni, bila kufungua fundo.

Hadi adhuhuri alikuwa mkavu. Kila mtu alipopita nyuma yake, yeye alikaza mabega, na kila aliyepita alipita tu. Wakati wa adhana ya mchana aliinuka, akashusha mlango wa chuma, akafunga kufuli, akaondoka bila kumwambia mtu. Ukweli ni kwamba alitaka atafutwe. Mama mzima, mwenye binti anayejitegemea, alitaka mtu aulize: jamani, Mama Jacky yuko wapi?

Alitembea kupitia Mnazi Mmoja hadi Kivukoni. Soko la Feri aliliona kama mgeni ingawa amekaa mjini tangu ujana wake. Mfanyabiashara wa Kariakoo huijua bahari kwa habari za makontena tu. Alisimama kutazama mnada wa samaki, wanaume wakipandishiana bei kwa nyusi, na mama mmoja mkaanga samaki akimwaga ndoo ya maji juu ya meza yake. Maji yale yalichuruzika hadi karibu na vidole vya Evarista, yakasita, yakageukia mtaroni.

Akaufuata ufukwe. Maji yalikuwa yamekupwa, bahari imejivuta mbali na kuacha uwanja mpana wa mchanga na mawe yenye kijani cha mwani. Alivua kandambili akazishika mkononi. Alikuta kaa wadogo wanaokimbia upande, akawafuata mpaka kwenye matundu yao. Alikuta wanawake wameinama kwenye matope wanachokoa chaza, wakamsalimu, wakaendelea na kazi. Aliokota gamba la rangi ya waridi, akawaza hili lingekuwa kifungo kizuri cha blauzi, akageuka pembeni kumwonyesha Athanas. Mkono ulikuwa umeshanyooka. Alilirudisha gamba lile mchangani pale pale alipoliokota, akalifukia kwa kisigino.

Jua lilipoinama alifika penye mivinje. Ukuta ulikuwa ule ule, una nyufa zaidi. Alikaa juu yake akaipa bahari mgongo, macho barabarani, ili anayekuja amwone naye amwone. Simu aliilaza mapajani ndani ya nailoni yake.

Muuza madafu mmoja aliegesha baiskeli yake karibu. Jina lake Haruna, kwa alivyojitambulisha baadaye.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Dafu?"

Alikunywa dafu. Haruna alimtazama anavyochungulia kila bajaji inayopunguza mwendo.

"Unamsubiri mtu?"

"Ndiyo," alisema Evarista, na hakuona kama amedanganya.

Simu iliita mara moja. Aliibonyeza haraka juu ya nailoni. Alikuwa fundi wa Upanga anauliza kama zipu za dhahabu zimeingia. Evarista alimwambia bado, akamtakia jioni njema, akaendelea kutazama barabara. Nyuma yake bahari ilikuwa inarudi. Ilifunika mwani, ikafunika mawe, ikafika chini ya ukuta, ikaanza kugonga taratibu, naye hakugeuka. Watu waliokuwa wamekaa juu ya ukuta walisogea mmoja mmoja. Haruna alikuwa anakata dafu la mteja mwingine.

"Hajaja tu mama?" aliuliza bila kuinua kichwa.

Evarista hakuwahi kujibu. Wimbi liligonga ukuta, likapanda juu, likamwangukia lote kwa pamoja, kichwani, shingoni, hadi kiunoni, la baridi, kutoka nyuma.

Aliruka. Akageuka na ngumi juu, uso mzima umefunguka kwa kicheko, na tusi lilikuwa limeshatoka.

"Una wazimu wewe! Athanas, una waz..."

Kulikuwa na bahari tu. Ilikuwa inajivuta kwa ajili ya wimbi jingine. Evarista alibaki amenyanyua ngumi, maji yanamtiririka puani, na kicheko kilikaa usoni muda kabla hakijajua kwamba hakina kazi. Kisha akalia. Alilia jinsi ambavyo hakulia kanisani wala kihambani, kule alikokuwa anashika hili na lile na kuwahudumia waliokuja kumfariji. Alilia kwa sauti, kilemba kimemwangukia begani.

Haruna alikuja mbio na kitambaa cha kufutia mapanga. "Pole mama, pole jamani. Hapo panapiga sana maji yakijaa, ningekwambia..."

"Usinipe pole!" alimkatiza. Halafu, kwa sauti ndogo: "Niambie hongera. Leo nimezaliwa."

Haruna alimtazama, akatazama maji. "Hongera, mama," alisema.

Dereva wa bajaji alinung'unika kuhusu kiti chake kulowa njia nzima mpaka Kariakoo. Maduka yalikuwa yanafungwa. Mwinyimvua alipomwona anashuka, anadondosha maji kila hatua, aliinuka kwenye stuli yake kwa hasira.

"Nani? Nani huyo asiye na adabu? Shadya, njoo uone! Mjane wa watu, mwaka haujaisha, mtu anathubutu kummwagia maji? Sisi hapa tulikubaliana wote, mwaka huu hakuna kumgusa mama. Tumekuheshimu, Mama Jacky. Mtaa mzima tumekuheshimu."

"Najua mmeniheshimu, baba," alisema Evarista. "Mlinitafuta?"

Mwinyimvua alikodoa macho. "Kukutafuta? Tulijua umeenda nyumbani kupumzika."

Shadya alikuwa ametoka na khanga kavu mkononi. Yeye ni mwanamke, alimtazama Evarista usoni, kisha gauni, kisha ule mfuko wa nailoni uliofungwa kwa fundo tangu asubuhi, na kila kitu kikamjia kwa mpigo. Alimfunika khanga mabegani, akaibana kwa nguvu, akashindwa kuiachia.

"Mwakani, mwanangu," Evarista alimwambia taratibu. "Mwakani usisogeze ndoo."

Alipanda ngazi za nyumba yao ya Msimbazi polepole. Ndani palikuwa kimya na pamejaa joto. Alifungua mfuko, akaitoa simu, kavu kabisa, akaiweka mezani. Kisha alisimama koridoni. Alisimama na gauni lake limemganda mwilini, chumvi inaanza kumkaza ngozi ya uso, nyayo zake zimeacha michirizi sakafuni, na ilimchukua muda kutambua kwamba kuna kitu anasubiri.

Alipotambua, aliingia jikoni akawasha gesi. Alichemsha maji kwenye sufuria kubwa, akayachanganya kwenye ndoo, akazamisha kiwiko kuyapima, akaongeza kidogo ya baridi. Ndoo ilikuwa nzito kuliko alivyofikiri miaka yote hiyo. Aliibeba hadi bafuni, akaitua, akarudi kusimama palepale koridoni alipokuwa akisimama Athanas.

"Mama," aliita, "maji tayari."

Akasubiri kidogo, kwa mazoea, kisha akaingia kuoga.