Bosi Aliyelia Kwenye Filamu

Haya nyinyi, sogezeni viti, na wewe mwenye chapati tafuna polepole nisikike. Nataka niwaambie vile mimi nilidanganywa na filamu hapa Doha, mchana kweupe, macho yote mawili yakiwa wazi.

Kule Wakrah, nje kidogo ya Doha, chumbani tulikuwa walinzi wanane, na chumba chenyewe kidogo mpaka mmoja akijigeuza kitandani wengine saba tunageuka naye. Kulikuwa na mmoja tunamwita Mwalimu, maana nyumbani alikuwa akifundisha kabla hajaja huku kulinda geti. Alikuja na kitabu kimoja tu, kinene kama tofali, cha Mmarekani fulani wa zamani aliyekuwa akiwaanika matajiri wa kwao. Kila Ijumaa asubuhi, tukipiga pasi yunifomu kwa zamu, Mwalimu anasoma kimoyomoyo halafu anatutolea kwa Kiswahili. Kilikuwa cha vibarua wa kiwanda. Hakuna ukurasa mtu hajaumia. Mimi na vitabu na kalamu hatujuani, kwa hivyo zamu yangu ya pasi ikifika nalala nimesimama, kama punda.

Kisha tukasikia kitabu kimetolewa filamu, tena mbili. Tukaziangalia zote kwa simu, tumeiegemeza kwa chupa ya maji. Ile ya kwanza, isiyo na rangi, kibarua anaingia kwa bosi, kofia mkononi, anaomba ruhusa akamwone mamake. Bosi analia mpaka meza inaelea. Ile ya pili, kibarua anaoa binti ya bosi. Tulipiga makofi sote isipokuwa Mwalimu. Yeye alisema yule mzee wa kitabu hakuandika hivyo, tukamwambia atuachie raha yetu.

Sasa, mama yangu macho yalikuwa yanaisha. Daktari alimwambia mvua zikija zitakuta giza limeshafunga. Mama akanipigia akasema, "Njoo nikuone uso mara moja tu. Baada ya hapo sina shida na giza."

Likizo yangu ilikuwa imeshasukumwa mbele mara mbili. Nikaamua kufuata filamu. Nilichukua ile ya kwanza, maana supavaiza wetu hakuwa na binti.

Supavaiza mwenyewe alikuwa Mkenya mwenzetu, amekaa Qatar mpaka akipumua unasikia baridi ya esi ya ofisini. Ruhusa kwake unajaza fomu, unaiweka mezani, unangoja mpaka ndevu zikuote mgongoni. Mimi sikujaza. Siku hiyo, katikati ya zamu, nilivuka barabara mpaka ofisini, nikavua kofia, nikasema maneno yote ya yule kibarua. Machozi nilikuwa nimepanga kuyaigiza, lakini nilipofikia maneno ya mama yakaja yenyewe.

Aliniacha nimalize. Halafu akauliza kwa upole, "Na geti umemwachia nani, kaka?"

Geti! Yule wa filamu hakuwa na geti.

Nilipewa barua ya onyo, likizo ikafutwa mwaka mzima, nikapelekwa kulinda kiwanja kitupu huko Umm Salal. Mchanga, ua wa mabati, na mbuzi mmoja, na nadhani hata yule mbuzi alipata likizo kabla yangu. Nyumbani mvua zikanyesha. Nilipompigia mama simu ya video, akaiweka sikioni. Nikawa naona sikio tu, limejaa skrini nzima. Nikamtania kwamba sikio lake limenenepa, akacheka. Hakuuliza tena nakuja lini.

Ijumaa iliyofuata nilipiga pasi nikiwa macho. Jamaa wakanipoza, wakasema labda Amerika mabosi wana machozi mengi, huku jua limeyakausha. Mimi nikamuuliza Mwalimu, huko kitabuni yule kibarua alifika kwa mamake? Mwalimu alikuwa amebana kitabu kwapani, hakutaka kusema. Nikamsumbua, nikamsumbua, mpaka ikamtoka:

"Ndugu yangu, nilikusomea hapa hapa ukikoroma juu ya pasi. Anafutwa kazi ukurasa wa arobaini, na kurasa mia tano zilizobaki zote anatafuta nauli."