Rasta Isiyo na Nywele

Mwalimu alikuwa chumbani anakunja suruali zake aliposikia mkewe akicheka na simu sebuleni. "Rasta yako imetoka safi kuliko yangu," mkewe alisema, akacheka tena, kicheko ambacho siku hizi kilikuwa adimu mle nyumbani. Mwalimu akabaki ameduwaa, suruali mkononi. Katika watu wote waliowafahamu, hakumkumbuka hata mwanamume mmoja mwenye rasta.

Mkewe alifanya kazi ofisi ya maji, nayo ofisi ilikuwa imempeleka kozi ya Jumamosi ya kuchambua ramani kwa kompyuta. Tangu aanze, jina moja halikumtoka mdomoni: Pikseli. Pikseli kasema hivi, Pikseli kanionyesha vile. Ilikuwa lakabu ya mwanafunzi mwenzake, afisa misitu. Mwalimu naye alifundisha jiografia sekondari. Miaka yote yeye ndiye aliyekuwa mtu wa ramani katika nyumba ile. Roho ikamuuma mara mbili. Akajiandikisha kozi hiyohiyo, akisingizia faida ya wanafunzi wake. Mkewe alimtazama kidogo, akamwambia karibu.

Darasa lilikuwa ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ofisi. Mwalimu aliingia akitafuta kichwa chenye rasta. Pikseli alikuwa na kipara kinachong'aa, akampokea kwa mikono miwili.

"Shemeji, karibu sana. Tunakusikia tu kwa sifa."

Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Ushemeji huo ulitoka wapi?

Mkufunzi, mama mmoja mpole, alieleza kwamba rasta ni eneo lililogawanywa vijiraba, yaani miraba midogo midogo, kama karatasi ya hesabu, kila kijiraba kikibeba namba yake: mwinuko, mvua au umbali kutoka barabarani. Hapo ndipo mwalimu alipoelewa kwamba alikuwa anatafuta nywele zisizokuwepo. Aibu ikampanda, lakini wivu haukushuka. Kumbe mkewe alikuwa akichekea namba. Na bado si yeye aliyemchekesha.

Alikaa nyuma yao. Kila Pikseli alipoinama kuonyesha kitu kwenye skrini ya mkewe, mwalimu alipima kwa macho nafasi iliyobaki kati ya mabega yao. Walipoambiwa watengeneze ramani ya miteremko, ya kwake ilitoka nyekundu tupu, kana kwamba mji mzima ni ukuta. Mwinuko ulikuwa kwa mita na umbali bado kwa digrii; mkufunzi alikuwa ameonya juu ya jambo hilo muda mfupi uliopita.

Wakati wa mapumziko mkewe alimwita koridoni.

"Umekuja kujifunza au kunilinda?"

Mwalimu alifikiria kudanganya, akashindwa. "Kukulinda."

Mkewe akarudi darasani. Kazi ya vikundi ilipofika, ya kutafuta mahali pa kujenga tangi la maji, alimwomba mkufunzi amruhusu aifanye peke yake, na mumewe apangwe na Pikseli.

Ikabidi wakae bega kwa bega. Waliipa kila ramani uzito kulingana na umuhimu wake, wakazipanga moja juu ya nyingine na kuzijumlisha, kijiraba kwa kijiraba. Matokeo yakatoka na pengo jeupe katikati. Mwalimu alifurahi moyoni, akamuuliza Pikseli ameharibu wapi. Pikseli akafungua ramani moja moja. Ile ya barabara ilikuwa imekatwa vibaya, na ramani moja ikikosa namba mahali, jumla nayo inakosa. Ya barabara aliikata mwalimu, macho yake yakiwa kwa mkewe.

"Hata mimi iliwahi kunitokea, shemeji," Pikseli alisema kwa upole. Upole huo ulimkera mwalimu kuliko kuchekwa.

Ulipofika wakati wa kuwasilisha kazi, mkewe alisimama mbele, akaeleza kwa nini aliupa mteremko uzito zaidi kuliko barabara. Alieleza bila haraka, akajibu maswali yote. Mwalimu hakuwahi kumsikia akizungumza vile. Alipiga makofi, kisha akatupa jicho pembeni kuona Pikseli anapiga kwa nguvu gani.

Njiani kurudi nyumbani alimweleza mkewe yote, hata habari za nywele. Mkewe alicheka kidogo.

"Yule simtaki," alisema baadaye. "Ila ananiuliza kazi yangu inaendaje. Wewe unaniuliza chakula."

 Mwalimu akauliza, mteremko umezidije barabara? Mkewe alijibu kwa mkato kwanza, kama anayempima. Mwalimu akauliza tena. Basi mkewe akamweleza mpaka wakafika mlangoni, na mlangoni wakasimama, kwa sababu alikuwa hajamaliza.

Kozi aliimaliza kwa alama ambazo wanafunzi wake hawakutajiwa. Wivu haukuisha, ulipungua makali tu. Pikseli alipohamishiwa kituo kingine alipiga simu kuaga, mwalimu akapokea simu ya mkewe aliyekuwa bafuni. Aliombwa afikishe salamu, naye alizifikisha, ingawa ilikuwa kesho yake jioni.