Mtandio wa Mwali na Doa la Bibo

Ipo siku, mwanangu, nikiikumbuka mpaka leo damu hunichemka: siku niliyovuta kitambaa mezani mbele ya mgeni wa serikali, sahani zikaenda chini, kijiji kizima kikaniona nimeingiwa na wazimu. Sikuwa na wazimu. Nilikuwa na hasira, na hasira ile ilikuwa na haki yake, ila ilipita njia siyo. Nakusimulia kwa sababu jana nilikaa hapa barazani kwako nikakusikia. Mumeo kachukua sweta la mtoto ulilolifuma kwa mkono wako, kampa rafiki yake wa kazini, eti mkewe kajifungua. Wewe ukamjibu, "Hakuna neno, baba." Halafu ukaingia jikoni ukabamiza masufuria, na mwanao alipogusa kibonge cha uzi ukamzaba kofi. Mtoto yule kakosa nini? Basi weka sindano zako chini unisikilize. Na kama huwezi kuziweka, fuma, masikio hayafumi.

Wakati huo tulikuwa tumeshahamishiwa kijiji cha ujamaa, upande wa Kiranjeranje. Nyumba zimepangwa mstari, mikorosho yetu tumeiacha kule mahameni, kijiji chetu cha zamani, ukitaka bibo la mti alioupanda babu yako ufunge safari. Sitakudanganya kwamba yote yalikuwa mabaya. Tulipata kisima, watoto wakapata shule, na sisi wanawake tukaletewa Bibi Maendeleo, dada mmoja mpole aliyekuja na kikapu chake kutufundisha kupika uji wa watoto, kushona na kufuma. Sindano za kufumia hazikuwepo, tukachongewa kwa spoku za baiskeli, tukazinoa juu ya jiwe mpaka zikateleza vizuri kwenye uzi.

Wenzangu wengi walijifunza wakaacha. Mimi ufumaji ulinishika. Soksi yangu ya kwanza ilimtosha mtoto kichwani, mashoga zangu wakacheka mpaka wakakaa chini, nami nikaifunga ncha nikaiita kofia. Nilifuma kofia za vichanga kwa ajili ya baridi ya kipupwe, nikafuma kitambaa cha kufunika mtungi, nikafuma fulana moja iliyokuwa na mkono mrefu na mkono mfupi, mwenyewe akaivaa hivyo hivyo. Mbuzi wa jirani alinilia nusu ya kazi siku moja, nikamkimbiza mpaka kisimani. Na kile kitanzi kinachoponyoka bila wewe kukiona, ukaja kukigundua umeshafika mbali! Unafumua, unalia, unaanza tena. Unayajua hayo, huhitaji kuambiwa.

Lakini kilichokuwa kikiniudhi si mbuzi wala kitanzi. Ni maneno ya watu. Tunaamka alfajiri, shamba la kijiji, shamba letu, maji, kuni, kinu, na jioni kabla ya magharibi nikishika sindano naambiwa sina kazi. "Mchezo wa wanawake," wanaume wanasema, na wao wamekaa wanacheza bao. Nilinyamaza. Tulifundishwa hivyo, funika kombe mwanaharamu apite. Mwanangu, huyo mwanaharamu hapiti. Anavuta kiti anakaa.

Sasa nilikuwa na mdogo wangu, Asumini. Mama yetu alifariki Asumini angali mdogo, nikamlea mimi kama wa kumzaa. Mwaka ule akaingia unyagoni, akawekwa ndani na wali wenzake. Kwetu siku mwali anapotolewa, mama yake ndiye anayemfunika nguo mpya kichwani mbele ya watu, na nguo hiyo ina mwiko wake: haitangulii kuvaliwa na mtu wala kutandikwa mahali. Ikishatandikwa, si ya mwali tena. Shangazi zetu wa upande wa baba walikuwa wameshaanza kunong'ona kisimani kwamba mtoto wa marehemu atatolewa na kanga ya kuazima, na dukani kweli nguo hakuna. Nilipowasikia nikaapa haitakuwa hivyo. Mjomba wetu wa Lindi mjini aliniletea uzi mweupe wa pamba, akaniambia huo ndio wote, hata huko mjini haupatikani. Nikaanza mtandio. Kitanzi kwa kitanzi, kila jioni, na maua madogo pembeni niliyoyabuni mwenyewe. Ulipokwisha ulikuwa unafunika kichwa, mabega, mpaka kiunoni. Nikaukunja, nikautia sandukuni pamoja na karafuu. Kabla yake sikupata kufuma kitu kizuri kama kile, wala baadaye sikupata.

Mume wangu, Hamisi, Mungu amrehemu, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na uchu tu. Aliutaka ubalozi wa nyumba kumi mpaka akawa anauota, na mwenyekiti wa kijiji akipiga chafya yeye anakuwa wa kwanza kusema afya. Ikaja habari kwamba mgeni mkubwa anatoka wilayani kuja kuangalia kijiji. Mwenyekiti akauliza nani ana kitambaa cheupe cha kupamba meza. Hamisi akasema kipo. Mimi niko shamba. Akaja nyumbani, akafungua sanduku langu, akachukua mtandio wa mwali, akaenda kutandika meza.

Sikuwa na habari. Nilitoka shamba, nikanawa, nikaenda mkutanoni kama wengine, nikakaa upande wa wanawake. Nikatazama meza. Kwanza nikajiambia hapana, umefanana tu. Kisha nikayaona maua yangu yananing'inia pembeni. Juu yake wameweka sahani za mabibo, mekundu na ya manjano, mazuri kweli, yametoka mahameni kwetu, ili mgeni aone neema ya kijiji. Na mgeni, maskini, anakula kwa furaha, maji yanamtiririka vidoleni, naye anavifuta. Anavifuta wapi? Hapo hapo kwenye kitambaa.

Wewe umezaliwa huku, unajua maji ya bibo. Doa lake likishashika nguo ya pamba, uifue kwa majivu, uianike juani, uifanyie utakalo, linazidi kuwa jeusi. Mtu wa bara asingejua, na yule mgeni alikuwa mtu wa bara. Mimi sikuwaza hayo. Nilimwona mwanamume mnene anapangusa mikono kwenye kichwa cha mdogo wangu. Nikainuka. Sikumbuki nilivyopita katikati ya watu. Nakumbuka nimeshika pembe ya mtandio kwa mikono miwili, nikauvuta kwa nguvu zangu zote, na sahani zikapasuka miguuni kwa mgeni. Nikamwambia maneno. Nilimwita mlafi, nikamuuliza kama kwao hawana adabu ya kula. Mtu mzima, mgeni, mbele ya watoto wa shule waliojipanga kumwimbia.

Mwenyekiti alisema nimeaibisha kijiji na kurudisha maendeleo nyuma. Hamisi alitazama chini. Hakusema hata neno moja, mwanangu! Hakusema, "Mimi ndiye niliyekichukua." Akaniacha nisimame pale peke yangu na doa langu mikononi.

Nikaondoka na mtandio wangu mpaka kwa Bibi Mwanahawa. Huyu alikuwa dada wa bibi yangu mzaa mama, tena ndiye kungwi aliyekuwa akiwafunda wale wali. Habari zilikuwa zimeshanitangulia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akauchukua mtandio akaugeuza geuza. Nilitegemea anipoze. Nilijua atasema hasira hasara, au subira huvuta heri, na nilikuwa tayari kumkasirikia na yeye.

Akaniuliza, "Mtandio umetolewa sandukuni na nani?"

Nikasema na Hamisi.

"Na Hamisi umemwambia nini?"

Sikuwa nimemwambia kitu. Nilipita mbele yake mkutanoni bila hata kumtupia jicho.

"Basi wewe ni mwoga," akasema Bibi Mwanahawa. "Umemtukana mtu atakayepanda gari lake jioni hii aende zake, asirudi tena. Unayekula naye sahani moja umemwacha. Kikulacho ki nguoni mwako, wewe unapiga nguo ya jirani. Hasira yako ni ya haki, mjukuu wangu, lakini umeipeleka mahali rahisi."

Neno hilo lilinichoma kuliko makelele yote ya mwenyekiti. Kwa sababu ni kweli, kumfokea mgeni kulikuwa rahisi. Kukaa chini na mume wangu, kumtazama usoni, kumwambia umenidhulumu, hilo ndilo lililonishinda tangu siku ya kwanza aliposema kazi yangu ni mchezo.

Bibi Mwanahawa akanituma kwanza kwa mgeni. Nikaenda, nikampigia magoti, nikamwomba radhi na kumweleza ule mtandio ulikuwa wa nini. Mtu muungwana yule. Alivua kofia yake, akasema, "Nisamehe mimi, mama. Sikujua." Akanionyesha mikono yake, nayo bado imebadilika rangi kwa maji ya bibo.

Kisha nikaenda nyumbani. Hamisi alikuwa ameketi kitandani, amejiandaa na maneno yake, kwamba ni kitambaa tu, kwamba ni kwa heri ya kijiji, kwamba ningeombwa ningekataa. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake, magoti yakakaribia kugusana. Sikupiga kelele. Sauti yangu ilikuwa ndogo hata mwenyewe nikaiogopa. Nikamwambia, "Ndiyo, ningekataa. Ndiyo maana hukuniomba." Halafu nikayatoa yote. Mchezo wa wanawake. Bao. Ubalozi. Mama yangu aliyelala kaburini akimtegemea yeye na mimi kumvisha mwanawe. Alijaribu kuinuka, nikamwambia kaa, sijamaliza. Akakaa. Nilipomaliza, akaniuliza afanye nini.

Bibi Mwanahawa ndiye aliyesema afanye nini. Mwiko, akatuambia, uko kwenye nguo. Nguo ikifumuliwa ni uzi, na uzi haujavaliwa na mtu. Tukate palipoingia doa, tufumue palipo safi, nifume upya. Na wa kuushika uzi huo awe Hamisi, tena nje, barazani, watu wanapopita. Basi mume wangu akakaa hapo amenyoosha mikono miwili mbele, mimi nafumua na kumzungushia uzi mikononi, wanaume wenziwe wanapita wanakwenda baoni. Walimcheka, wakamwita bibi harusi. Alitoka jasho, lakini mikono hakuishusha. Mimi sikumhurumia. Nilikuwa bado na hasira naye, na kila nilipokata uzi wenye doa ilipanda tena.

Uzi safi haukutosha. Doa lilikuwa limekula katikati yote. Nilifuma kwa haraka, vidole vinauma, na siku ya wali kutolewa ilipofika mtandio uliishia shingoni. Mabega ya mdogo wangu yakafunikwa kwa kanga ya zamani. Nikamfunika mwenyewe, ngoma inalia, watu wamejaa. Nikasikia shangazi zetu nyuma yangu. Mmoja akasema, kwa sauti ya kutaka asikike, kwamba dada mtu na ufundi wake wote kashindwa hata kumfikisha mtoto mabegani. Wakacheka. Asumini akainamisha kichwa, nikaona machozi yanamdondokea kifuani.

Nikageuka, mdomo umeshafunguka. Lakini Hamisi alinitangulia. Alitoka upande wa wanaume, jambo lisilofanyika kwetu, akaja akasimama kando ya wali. Ngoma zikanyamaza zenyewe. Akasema, na sauti haikuwa nzuri, ilikuwa inakwaruza:

"Dada yake aliufikisha kiunoni. Ufupi huo ni wangu mimi. Niliuiba sandukuni nikatandikia meza."

Hakuna aliyecheka tena. Asumini akainua kichwa, akatembea mbele ya watu na mtandio wake mfupi, shingo imenyooka. Ubalozi Hamisi hakuupata. Mwenyekiti hakupenda mtu anayekiri mambo hadharani. Nami siku ile ile jioni ndipo nilipompakulia mume wangu chakula kwa moyo mweupe, mara ya kwanza tangu yaliponikuta hayo.

Sasa nisikilize, mwanangu. Watakuambia hasira hasara. Ni hasara ukimpiga nayo asiyekukosea. Sisi wanawake tunaimeza hasira ya mwenye nyumba, kisha tunamtapikia mtoto, tunawatapikia mawifi, tunamtapikia mgeni. Mwenye kovu usidhani kapoa, na wewe hujapoa, nimekuona. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leo mumeo akirudi, mpe maji aoge, mpe chakula ashibe, kisha vuta kigoda ukae mbele yake, umwambie: sweta lile nililifuma mimi, si lako kulitoa. Umwambie mpaka umalize. Na akikiri, mwache akiri, usimkatize, maana mwanamume akisema kosa lake kwa mdomo wake amejivua kitu kizito. Asipokiri, mwambie tena kesho. Lakini kabla ya hayo yote nenda kamchukue mtoto wako, umwombe radhi kwa lile kofi. Mdogo naye huombwa radhi.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi wa kusema ukweli nyumbani mwako, akupe na mume wa kuusikia. Vidole vyako visife ganzi, uzi wako usikatike, na unachokifuma kimfikie yule uliyemkusudia. Amina. Nenda, mtoto analia.