Mume wangu aliniwekea sikio ndani ya laptopu

Admin, jina langu lifiche. Nina miaka thelathini na mbili, naishi Ng'ambo hapa Tabora, mume wangu ni fundi kompyuta. Mimi nafundisha kompyuta kwenye chuo kidogo mjini, na laptopu yangu aliitengeneza yeye.

Mwaka huu mimba yangu ilitoka. Nilimlilia dada yangu tu, kwa simu, nimejifungia chumbani, laptopu iko wazi mezani. Nikamwambia, "Dada, naogopa sitazaa tena."

Jumapili iliyofuata tukaenda Ntalikwa kwa mama mkwe. Nikapiga goti, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, kisha mbele ya mawifi akasema, "Eti unaogopa hutazaa tena? Basi mwanangu atafutiwe anayezaa." Maneno yangu yaleyale! Nikajua dada kanisaliti. Nilimtukana, akalia, tukanuniana.

Juzijuzi laptopu ikawa nzito kufanya kazi. Nikafungua ule ukurasa mweusi wa kuandikia amri, nikaiagiza inionyeshe programu zote zinazofanya kazi. Moja sikuijua, na imewashwa kwa jina la mume wangu. Nikaandika amri nyingine nione imeshika mafaili gani. Imeshika kipaza sauti, na faili la sauti linazidi kukua huku nalitazama. Kwenye folda hiyo nikafungua faili la zamani. Nikasikia sauti yangu mwenyewe, namlilia dada. Kumbe mume wangu ndiye aliyempelekea mama yake maneno.

Sikuizima. Nilitoka uani nikampigia dada, nikamwomba radhi. Kisha nikarudi chumbani, nikajifanya naongea naye: "Mama mkwe kaninong'oneza, shamba lote la Ntalikwa anampa shemeji. Mume wangu hapati hata tuta."

Kesho yake mume wangu alikwenda kuwavaa mama yake na mdogo wake, wakagombana mpaka majirani wakajaa. Mama mkwe analia, hajui kosa lake. Nami, Mungu anaona, siku hiyo nilipika huku naimba.

Sasa wazee wa ukoo wameitisha kikao cha ugomvi huo Jumamosi. Rekodi zote nimezinakili. Dada anasema, "Inatosha, mdogo wangu. Ondoka na heshima yako." Mimi nataka wazisikie zote, kuanzia kilio changu, mume wangu akiwa amekaa katikati yao. Tatizo, na uongo wangu umo humohumo.

Mlioonja ndoa, nishaurini. Nizifungulie mbele ya ukoo, na mimi niaibike nao? Au ninyamaze, niwaache waendelee kutafunana?

Ila msiniambie nisamehe. Hilo sijaliuliza.