Siku Niliyompeleka Chumvi Kliniki

Ni aibu, nakubali, na kama kuna mtu wa Boito hapa aliyekwisha kuisikia, tafadhali anyamaze niimalize mwenyewe. Kilichoninyima usingizi wiki ile nzima ni swali moja: mjusi huwa mtu mzima lini?

Mwalimu wa baiolojia wa sekondari ya wasichana, Mzungu mmoja mpole aliyekwenda kwao masomoni mwaka mzima, aliniachia mijusi wake wawili wa kigeni wenye ndevu, yaani ngozi ya miiba kidevuni, Chumvi na Sukari, wakiwa na urefu wa kidole, akaahidi kwamba akirudi akawakuta wazima atanitafutia kazi ya maabara pale shuleni. (Nilikuwa na digrii ya sayansi na miezi kumi na minne ya kuchuma chai ya mama.) Aliacha na karatasi: wakiwa wachanga wape wadudu mara tatu kwa siku, kadiri watakavyomaliza, wakishakua punguza wadudu, zidisha majani. Wakishakua! Hakusema ni kimo, ni miezi wala ni uzito. Basi kwa miezi kumi nilishika panzi kila siku, nikihesabu kwamba nikipunguza mapema watadumaa na nikichelewa watanenepa, nikaona heri wanenepe, mpaka tumbo la Chumvi likaanza kuburuzika chini na akawa akipanda jiwe moja anapumzika kama mzee aliyetoka Kedowa kwa miguu.

Nikaamua nimpime uzito. Mizani ya kituo cha chai ni ya magunia, haingemsikia. Ya dukani ni ya sukari, na mwenye duka hukimbia hata kinyonga. Ikabaki ya watoto wachanga, kwenye zahanati, siku ya kliniki. Asubuhi ilikuwa ya ukungu, na mjusi huyu akipoa hulegea, kwa hivyo nikamfunga kwa shali ya mtoto wa dada yangu pamoja na chupa ya maji ya moto, nikambeba kifuani. Ningetumia kikapu, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Njiani jirani yetu, Mama Kipkoech, alinyanyua kichwa katikati ya majani ya chai.

"Ai, Cherono! Na hatukujua!"

Nilitaka kumwambia ukweli, lakini nikaona itabidi nianze na Mzungu, halafu masomo yake, halafu ndevu, na nilikuwa nimechelewa, kwa hivyo nikatabasamu. (Kutabasamu!) Naye akaenda moja kwa moja kituo cha chai, ambako mama alikuwa kwenye foleni.

Zahanati ilikuwa na benchi mbili za akina mama. "Huyo ni mdogo sana, apite mbele," mmoja akasema, na kukataa heshima si adabu, nikapita.

"Kumbe ndio maana ya hizo sweta kubwa," mwingine akanong'ona. "Wasomi ni watu wa siri."

Sista Akinyi, nesi aliyetoka upande wa ziwa na kututibu miaka mingi, alifungua kadi mpya bila kuinua macho.

"Jina la mtoto?"

"Chumvi."

Kalamu ikasimama kidogo, ikaendelea.

"La baba?"

Benchi zote zikageuza shingo. Ile ilikuwa karatasi ya serikali, na mimi huogopa kudanganya karatasi ya serikali.

"Simjui."

"Woi," mtu akasema, kwa huruma kabisa.

Hapo mama akaingia, bado amefunga aproni ya plastiki ya kuchumia, inachuruzika umande. Alikuwa ameacha majani yake bila kupimwa, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata kwa mazishi. Nikajua nimekwisha. Lakini alikuja polepole.

"Nimefikiria njia nzima," akasema. "Baba yako nitaongea naye mimi. Mtoto hana makosa. Lete, mimi ndio kogo yake, bibi yake." Akanyoosha mikono, vidole vyeusi kwa utomvu wa chai.

"Mama, ni mjusi."

"Usimwite hivyo mtoto wako!"

Nikafungua shali. Chumvi akavimbisha ndevu, zikageuka nyeusi, akaachama. Benchi zikabaki tupu. Mwanaume aliyekuja kwa ajili ya mguu mbaya alipitia dirishani. Mama hakukimbia. Alibaki amenyoosha mikono.

Sista aliangalia mjusi, akaangalia kadi.

"Weka kwa mizani. Kadi nishaanza."

Nusu kilo na ushee. Akauliza mwenyewe na chakula, nikaeleza: ni wa yule mwalimu aliye kwao masomoni, naye hula panzi mara tatu kwa siku, kadiri atakavyomaliza, tangu akiwa kama kidole.

"Atakufa na mafuta kabla mwenyewe arudi," Sista akasema.

Mama akashusha mikono. "Ndama wa miezi kumi bado unamjaza maziwa kama wa wiki moja? Si anakula nyasi, Cherono? Hiyo digrii ilikuwa ya nini?"

Tulirudi nyumbani yeye akiwa mbele. Penye daraja akasema, bila kugeuka, "Nilikuwa nishachagua jina."

"Gani?"

"Halikuhusu."

Mchana huohuo, bila kutazama karatasi yoyote, niliwapa Chumvi na Sukari majani ya malenge yaliyokatwa vipande, basi. Kesho yake panzi watano watano, mara moja, keshokutwa majani tena, na sikuugeuza mpango huo. Na mchana uleule nikatoka, nikapita nyumba kwa nyumba kuanzia kwa Mama Kipkoech, nikisema nilichokuwa nimebeba kabla hawajaniuliza.