Siku Walipokuja Kumposa Mizero

Kama umewahi kuoa binti wa watu wa milima ya Kivu Kusini hapa Amerika, bila shaka Ezéchias amekunyima mke. Ndiyo kazi yake. Siku za wiki hupanga maboksi katika ghala la vifurushi huko Louisville, lakini ikifika Jumamosi huvaa koti la kijivu, hushika fimbo yake, akawa msemaji wa familia ya bibi harusi. Wakwe huingia wakaeleza haja yao, naye huwasikiliza akiwa amefumba macho nusu. Kisha huwaambia wamepotea njia. Nyumba hii haina binti. Huyo wanayemsema ni mtoto tu, mvivu, hata kupika hajui, na mama yake bado anamhitaji.

Wakwe wenye akili wanajua la kufanya. Hubembeleza, huondoka, hurudi mara ya pili na ya tatu, na mwishowe binti hutolewa, mzuri kuliko walivyotarajia. Kwa watu hawa mtu hasifu cha kwake. Anayesema ndiyo siku ya kwanza ametangaza kwamba mwanawe amemchosha.

Basi Ezéchias alitafutwa Louisville, akatafutwa Columbus, akatafutwa Buffalo, na wapo vijana waliopanga tarehe ya harusi kwa kufuata zamu zake za ghalani. Alilijua hilo, na kichwa kilikuwa kimemvimba kiasi.

Dada yake Nyirabeza, mjane anayeishi Black Rock kule Buffalo, alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, Mizero, aliyekuwa anamaliza sekondari. Mizero alikuwa mrushaji katika timu ya besiboli ya shule. Besiboli ni mchezo ambao Ezéchias aliutazama mara moja, akasinzia, akaamka, akakuta hakuna lililotokea. Mmoja anarusha mpira, mwingine anaukosa kwa gongo, na wengine wamesimama majanini wakitema maganda ya mbegu za alizeti. Lakini Mizero alirusha kwa kasi iliyowafanya hata waliokaa nyuma ya wavu wajivute nyuma, na sifa zake zikamfikia Bwana Doyle, mzee mwenye kofia iliyochakaa, ambaye timu moja kubwa ilimlipa azunguke mashuleni kutafuta vipaji.

Bwana Doyle alimpima kijana wa watu hadi akabaki kumpima kivuli. Alimwelekezea kifaa mfano wa bunduki kinachosoma kasi ya mpira. Akapima mkono, kiganja, mabega. Akauliza urefu wa mama, namba ya kiatu cha marehemu baba, na saa anayolala kijana. Kila kipaji akakipa alama, na alama za watu hawa zinaanzia ishirini na kuishia themanini. Sijui nani aliwanyang'anya sifuri na mia. Nyirabeza alipomsimulia kaka yake kwa simu, Ezéchias hakuona jipya. Milimani fahali alikaguliwa vivyo hivyo kabla hajanunuliwa, ila fahali hakuulizwa analala saa ngapi.

Kisha Nyirabeza akaongeza kwamba mzungu huyo anaomba kuja nyumbani kuzungumza na wazee. Hapo Ezéchias akakaa wima. Watu wanaokuja nyumbani kuulizia mtoto wa watu wana jina moja tu, nalo ni wakwe. Akaomba ruhusa kazini, akalipeleka koti kupigwa pasi, akashika njia ya Buffalo. Alipita Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus, akawachukua binamu zake wawili, maana msemaji asiye na watu wa kutikisa kichwa nyuma yake ni mpiga kelele tu.

Mizero alijitolea kutafsiri. Mjomba alishtuka kwelikweli. Ni nani amewahi kumwona bibi harusi akitafsiri mahari yake mwenyewe? Kijana akapelekwa jikoni na mama yake, mlango ukafungwa, akalalamika kwa Kiingereza kirefu ambacho hakikumsaidia. Ukalimani akapewa Mutuku, Mkenya wa Amherst, jirani na Buffalo, aliyesali kanisa moja na Nyirabeza. Mutuku alikuja kusomea takwimu, akasomea na ukalimani pembeni, na tangu apate cheti hakuacha kuwakumbusha watu kwamba mkalimani haongezi neno wala hapunguzi.

Bwana Doyle akaja peke yake, mikono mitupu, bila hata soda. Ezéchias alimsamehe kwa ugeni wake. Mzungu akanywa chai, akaisifu nyumba, akamsifu Mizero, kisha akauliza swali lililomtoa kwao. Timu ikimchagua kijana mwezi wa saba, atasaini? Aliomba jibu la wazi, kwa sababu wakubwa wake hawapotezi nafasi kwa mtoto ambaye familia yake haitaki.

Ezéchias akasimama, akaegemea fimbo, akafumba macho nusu.

"Bon. Bwana mugeni, karibu sana. Lakini naona ulipoteya njia. Donc, siye hapa hatuna mutoto wa kutoa. Ule unasema ni mutoto tu, hajue kitu, anajua kula na kulala. Na mama yake angali anamuhitaji."

Binamu wakatikisa vichwa. Mutuku akatafsiri yote, hata kula na kulala. Bwana Doyle akakunja uso, akauliza tena taratibu kama wana hakika. Moyo wa Ezéchias ukaruka kwa furaha. Kumbe mzungu anajua desturi, anabembeleza! Ili asimvunjie heshima, akazidisha. Akasema kijana ni mvivu kuamka, walimu wamemchoka, na hata huo mkono wanaoutamani humuuma wakati wa baridi. Mutuku hakuongeza neno wala hakupunguza. Bwana Doyle aliposikia habari za mkono kuuma, akaweka kikombe mezani, akashukuru, akawapa wote mkono, akaondoka.

Jikoni mama alikuwa ameegemea mlango kuzuia aibu isitoke. Mizero alipompita na kufika nje, gari lilikuwa limeshakata kona. Akasema neno moja la Kiingereza, na hilo Mutuku hakulitafsiri.

Ezéchias aliwatuliza wote. Alisema mambo yamekwenda vizuri ajabu, na kwamba Jumamosi ijayo mkwe atarudi na watu wengi zaidi, safari hii na soda. Jumamosi Nyirabeza akapika wali na nyama kwa sufuria la kanisa, na majirani wakala. Jumamosi iliyofuata akapika kidogo. Mizero akaacha kukaa mezani na mama yake, na mama akaanza kumuulizia nafasi katika kiwanda anakofanya kazi, kwa sauti ya chini ili mtoto asisikie.

Ni Mutuku aliyempigia Ezéchias simu ghalani akamweleza kwamba kwa Wamarekani hapana ni hapana, na kwamba mzee amekwisha kuwaarifu wakubwa wake kuwa familia haitaki na mkono ni mbovu. Ezéchias akamuuliza kwa nini hakusema siku ile. Mutuku akamjibu kile kinachojulikana kuhusu mkalimani. Ezéchias akakaa juu ya boksi la mtu. Aliona aibu, na chini ya aibu aliona hofu, kwa sababu kwa mara ya kwanza alikuwa amemnyima mtu mtoto na mtu akakubali.

Akaamua kufanya jambo ambalo kwao halijawahi kufanywa, yaani upande wa bibi harusi kumfuata mkwe. Bwana Doyle alikuwa Columbus, kwenye uwanja ambako vijana wa majimbo jirani walikusanywa ili wapimwe kwa pamoja. Mutuku akamleta Mizero kwa gari kutoka Buffalo. Ezéchias akatoka Louisville peke yake, akijifunza njiani kusema ndiyo. Neno hilo lilimkwama kooni hadi Cincinnati.

Uwanjani alikuta akina baba wakiwasifu watoto wao bila haya, kila mmoja na video yake mkononi, wakizungumza kama wachuuzi wa nyanya sokoni Uvira. Aliwachukia wote, kisha akaona kwamba watoto wao ndio waliokuwa ndani ya wavu wakipimwa. Mizero alikuwa nje, akirushiana mpira na kijana mwingine kupitisha muda. Ezéchias hakuwahi kusimama karibu hivyo. Mpira ulitoka mkononi mwa mpwa wake bila nguvu yoyote ya kuonekana, na glavu ya yule mwenzake ikalia hadi watu wakageuka. Mjomba akasahau kufumba macho nusu.

Bwana Doyle alipopita, Ezéchias akamzuia kwa fimbo.

"Siye tunakubali," akasema. "Mutoto tuko naye. Ni muzuri. Ile maneno yangu ilikuwa desturi tu. Mukono yake haiumi, haiyaumaka hata siku moja."

Mzungu akamsikiliza Mutuku hadi mwisho. Uso wake ukalainika, akamshika Ezéchias mkono kwa mikono yote miwili. Mutuku akatafsiri: Mizero ni kijana mzuri mno, hii ni familia nzuri mno, na watawasiliana. Ezéchias akajaa furaha. Walipokuwa wakirudi kwenye maegesho alikuwa tayari anamwagiza dada yake kwa simu atafute mbuzi. Kisha akaona Mizero hacheki, akamuuliza ana nini. Kijana akajibu kwa Kiingereza, na Mutuku akasitasita, jambo ambalo cheti chake hakikumruhusu.

"Anasema hapa mtu akikukataa, kwanza anakusifu."

Ezéchias akazima simu. Alikuwa bingwa wa maneno yanayokwenda kinyume, naye alikuwa amepigwa kwa maneno hayohayo, tena kwa tabasamu. Koti likamwelemea. Akamshika mpwa wake begani, akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtoto yeyote, hata wa kwake.

"Mizero, siyaona mutu anatupa mupira kama weye. Weye ni wa kwanza."

Mizero, ambaye tangu aanze shule amewajibu wakubwa wake kwa Kiingereza, akatazama viatu vyake, akajibu kwa Kiswahili cha nyumbani, kwa maneno aliyoyasikia katika kila harusi ya utoto wake.

"Hapana, Mujomba. Miye ni mutoto tu. Sijue kitu."

Msemaji akasimama katikati ya magari. Maisha yake yote alikuwa upande wa kubembelezwa, na kubembeleza hakukujua. Akamwambia tena, mara ya pili. Kijana akatikisa kichwa. Ezéchias akaiegemeza fimbo kwenye gari, akaanza mara ya tatu.