Plakete ya Manjano na Birika la Udhu

Miaka ya vita, barabara ya Muyinga ilipitika kwa msafara tu, malori nyuma ya askari. Kwa hiyo yule mama wa Uvira mwenye mashine ya kusaga huko Muyinga alipofika karakana yangu ya Nyamugari, Gitega, shafti ya mashine yake ikiwa imefungwa kwenye kitenge, jambo la kwanza aliloniambia lilikuwa saa: msafara unarudi saa sita mchana. Msafara ukimwacha, haijulikani mwingine ni lini, na kule watu waliokimbia vilima vyao walikuwa wakila mahindi ya kuchemsha kwa kukosa unga.

Shafti ilikuwa imelika, mchomeaji akaijaza chuma kigumu. Kazi yangu ilikuwa kuikereza irudi kwenye kipimo. Visu vyangu vya kawaida viliungua ncha papo hapo. Nilibaki na plakete moja ya kuiweza, kipande cha kukatia chuma chenye pembe tatu, kidogo kama kucha ya gumba, cha manjano yanayong'aa. Niliihifadhi ndani ya soksi.

Nikamsomesha yule mama. Nikamwambia si dhahabu, ni ngozi ngumu iliyovikwa kiwandani, nyembamba kuliko karatasi ya sigara, na kazi yake ni kuikinga ncha chuma kinapopata moto.

"Hii haiogopi moto," nikasema, mikono kiunoni.

Nilisema vizuri sana. Kisha nikawasha mashine ya kukereza, moshi ukaanza kutoka, nikaingiwa na woga, nikashika birika la udhu nikaimwagia plakete maji. Pembe ya kwanza ikapasuka. Nikaulaumu umeme. Nikageuza pembe ya pili, nikaongeza maji, nayo ikakatika. Nikamlaumu mchomeaji. Ilibaki pembe moja, na ilikuwa saa nne na nusu.

Mama akasimama. "Fundi, unipatie iyo birika, ninawe miguu."

Kwetu kumnyima mgeni maji ni aibu. Nikampa, akakaa kizingitini akanawa. Moshi ukapanda, nami sina hata tone. Nikamwita, akasema bado mguu mmoja. Nikakereza nikiwa nimekunja uso, nasubiri mlio wa kupasuka. Nyuzi za chuma zikatoka za buluu, zikaondoka na moto wao, na pembe ikabaki nzima. Nilipozima mashine alikuwa bado ananawa. Msafara akauwahi.

Nilipokwenda Muyinga miezi kadhaa baadaye, Gitega nzima ilikuwa imeshasikia nilivyogundua kukereza bila maji. Mashine ya mama ilikuwa ikinguruma, wanawake wamepanga foleni na vikapu. Sikuona haya, nikamsimulia hata yeye ugunduzi wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Fundi, ile siku miguu yangu ilikuwa safi," akasema. "Mi ninapikaka na chungu. Iko moto, unaitupia maji baridi, inapasuka. Na we mwenyewe ulisema haiogopi moto. Mi nilikuamini."

Siku ile, katika karakana yangu mwenyewe, ni yeye tu aliyeniamini.